Mabenchi ya Ryman

Ukumbi wa Ryman, ulioko katikati ya mji wa Nashville, jimbo la Tennessee, Marekani, hauna viti. Una mabenchi. Ni mabenchi marefu ya mbao, ya kanisani hasa, yaliyopangwa kufuata mviringo wa ukumbi, na mtu akikaa hapo hana mkono wa kiti wa kumtenga na jirani yake. Jirani akiwa mnene, utaujua unene wake. Akicheka, benchi zima litatikisika. Naanza na mabenchi kwa sababu wanaoandika habari za ukumbi huo huanza na majina ya waimbaji, na majina ni mengi kweli. Lakini mtu aliyekaa pale muda wa saa mbili hukumbuka mgongo wake kwanza.

Jengo lenyewe ni la matofali mekundu, lenye paa la mteremko mkali na madirisha marefu. Lilikusudiwa liwe nyumba ya mahubiri isiyofungamana na dhehebu lolote. Aliyelijenga, Thomas Ryman, alikuwa nahodha na mwenye meli za mvuke katika mto Cumberland. Mwaka 1885 alikwenda kumsikiliza mhubiri mmoja mkali aitwaye Sam Jones, aliyekuwa akihubiri hemani. Wenyeji husimulia kwamba alikwenda kwa nia ya kufanya fujo. Kama ni kweli au ni chumvi ya wasimulizi, almuradi alirudi ameokoka, na akaazimia kumjengea mhubiri yule mahali pazuri zaidi ya hema. Ujenzi ulikwisha mwaka 1892. Ryman alipofariki mwaka 1904, jengo likachukua jina lake.

Sam Jones, miongoni mwa mambo mengine, alikuwa adui mkubwa wa pombe. Shika hilo, msomaji, kwa maana historia ya jukwaa lile baadaye ni kama imeandikwa na mtu mwenye kinyongo na mhubiri huyo.

Kuanzia mwaka 1943 hadi 1974, Ryman ndiko kulikokuwa nyumbani kwa Grand Ole Opry, kipindi cha redio cha muziki wa country kilichosikika Marekani nzima. Nyumba ile haikuwa na vyumba vya maana vya wasanii kupumzikia. Joto la kiangazi lilikuwa la kuoka mkate. Basi mwimbaji akimaliza zamu yake, alitoka kwa mlango wa nyuma, akavuka kichochoro, na mara alikuwa baa. Kichochoro hicho bado kipo na nimekipima kwa hatua zangu mwenyewe: hakifiki hata safari ya kwenda kisimani. Hank Williams aliimba Ryman kwa mara ya kwanza tarehe 11 Juni 1949, na watu wakakataa aondoke jukwaani. Agosti 1952 Opry ikamfukuza kwa sababu ya ulevi na kukosa kufika kazini. Tarehe 1 Januari 1953 alikuwa amekufa, ndani ya gari, akiwa njiani kwenda kuimba. Alikuwa na miaka 29. Johnny Cash naye, mwaka 1965, akiwa amelewa vidonge, alizipasua taa za ukingoni mwa jukwaa lile kwa mti wa kipaza sauti, moja baada ya moja, akaambiwa asirudi. Yeye alipona, akarudi, na kati ya 1969 na 1971 alikuwa akirekodia hapo hapo kipindi chake cha televisheni.

Wenzangu wa rika langu hawatashangaa kwamba Mkenya anajua habari hizi. Sisi tuliokulia Bonde la Ufa tulilelewa na country kama tulivyolelewa na uji. Redio ya Sauti ya Kenya ilikuwa ikimpiga Jim Reeves hata watu wasiojua Kiingereza wakawa wanamwimba, kila mmoja kwa maneno aliyoyasikia yeye. Jim Reeves alijiunga na Opry mwaka 1955 na akafa mwaka 1964 katika ndege ndogo aliyokuwa akiirusha mwenyewe, karibu na Nashville. Kijijini kwetu, miaka kumi baada ya hapo, kulikuwa na watu waliodhani bado yu hai. Sauti yake ilitumika harusini, ilitumika matangani, na ilitumika katika zile saa za Jumapili jioni ambazo si za kitu chochote.

Mwenye santuri zake nyumbani kwetu alikuwa kaka yangu mkubwa. Yeye alikuwa fundi wa magari, mtu mwenye mikono mipole kuliko kazi yake, na alikuwa mlevi. Nalitumia neno hilo bila kulizungusha kwa sababu nyumbani lilizungushwa sana. Tulisema "amechoka". Tulisema "ametoka kidogo". Mama, Mungu amrehemu, alikuwa akisema "leo hayupo", naye yuko pale pale sebuleni amelala na viatu. Alifariki mwaka 1994, ini likiwa limekwisha. Mazishini mzungumzaji alisema ameugua kwa muda mfupi.

Sasa nije kwa mwimbaji.

Jason Isbell alizaliwa mwaka 1979 katika jimbo la Alabama, kijijini, na babu yake aliyemfundisha gitaa alikuwa mhubiri wa Kipentekoste. Alianza kujulikana akiwa na bendi iitwayo Drive-By Truckers, aliyoingia mwaka 2001 akiwa kijana wa miaka 22 na kutoka mwaka 2007. Miaka ile alikunywa kama mtu anayelipwa kwa kunywa. Februari 2012 alipelekwa mahali pa kutibiwa ulevi, na mmoja wa waliomsukuma kwenda ni Amanda Shires, mpiga fidla na mtunzi, aliyekuja kuwa mke wake mwaka uliofuata. Mwaka 2013 alitoa albamu aliyoiita Southeastern. Wimbo wake wa kwanza, Cover Me Up, ni wa mtu aliyeacha pombe akizungumza na mwanamke aliyemshika mkono.

Aliitoa kwa nembo yake mwenyewe, nayo aliipa jina hilo hilo la Southeastern. Hili lafaa kuelezwa, kwa sababu neno "kujitegemea" katika muziki limechakaa, hata mtu mwenye gitaa moja na kiburi hujiita hivyo. Mwimbaji aliye chini ya kampuni kubwa hupewa fedha kwanza, kisha nyimbo zake hubaki kuwa mali ya kampuni. Naye atalipa zile fedha kwa mauzo ya vitu ambavyo si vyake. Anayejitegemea huanza bila kitu, hulipia studio mwenyewe, humtafuta msambazaji, na akishindwa, ameshindwa yeye. Lakini akifaulu hakuna mtu wa kumpigia simu na kumwambia kwamba wimbo fulani utawaudhi wasikilizaji wa redio. Hilo la mwisho lilikuja kuwa na maana kubwa mwaka 2017.

Mwaka huo nilikuwa Nashville kwa binti wa dada yangu, ambaye ni muuguzi huko. Nilikwenda kumwona mtoto wake mchanga, wala sikuwa na mpango na tamasha lolote. Isbell alikuwa na usiku sita Ryman, mwezi wa Oktoba, na tiketi zote zilikuwa zimekwisha. Mfanyakazi mwenzake mpwa wangu akapatwa na zamu ya ghafla, tiketi mbili zikabaki.

"Mjomba, si ulikuwa ukipenda zile nyimbo za kizamani?" akaniuliza. "Huyu si wa kizamani, lakini ukumbi ni wa kizamani."

Nikamwambia ukumbi huo naujua kabla yeye hajazaliwa. Akacheka, akanitafutia koti, maana langu aliliona la kuaibisha.

Tarehe 1 ya mwezi ule ule mtu mwenye bunduki alikuwa amewafyatulia risasi watu waliohudhuria tamasha la country mjini Las Vegas, akaua makumi. Watu walioingia Ryman usiku ule walikuwa wakitazama milango. Niliona baba mmoja akimwonyesha binti yake, kwa kidole kilichofichwa kifuani, mahali pa kutokea. Hakuna aliyelizungumza jambo lenyewe. Walizungumza bei ya bia.

Tulikaa juu, kwenye roshani. Roshani ile ilijengwa mwaka 1897, kwa ajili ya mkutano wa maaskari wazee wa majimbo ya Kusini, wale waliopigana ili utumwa usikomeshwe, nayo ikaitwa Roshani ya Shirikisho. Jina hilo lilikaa limeandikwa ukingoni mwake kwa miaka mingi. Mpwa wangu hakuwa akilijua. Nilimwambia tukiwa tumekaa, akatazama mbao chini ya miguu yake, kisha akanitazama mimi, akasema tu, "Na sisi tumelipa dola zetu." Nilipenda jibu lile.

Ukumbi una nafasi ya watu 2,362. Weusi niliowaona kwa macho, nikiwaondoa walinzi na wauza vinywaji, hawakuzidi vidole vya mikono. Silisemi hili kwa kulalamika. Nilihesabu kama mtu anavyohesabu ngazi. Ila jengo lina kumbukumbu yake. DeFord Bailey, mpiga kinanda cha mdomo, mtu Mweusi, alikuwa mmoja wa nyota za kwanza kabisa za Opry tangu miaka ya ishirini, na inasimuliwa kwamba jina lenyewe la kipindi lilitamkwa mara ya kwanza mara baada ya yeye kupiga wimbo wake wa garimoshi. Waliachana naye mwaka 1941, miaka miwili kabla ya kipindi kuhamia Ryman. Akaishi kwa kung'arisha viatu vya watu katika mji ule ule. Jina lake liliingizwa katika jumba la heshima la muziki wa country mwaka 2005, akiwa amekwisha kufa miaka 23. Na banjo, chombo ambacho bila hicho hakuna country, kilivuka bahari pamoja na watumwa kutoka Afrika Magharibi.

Sisi nasi tuna jengo la namna hiyo. Jumba la Kitaifa la Michezo ya Kuigiza, Nairobi, lilifunguliwa mwaka 1952, mwaka wa hali ya hatari, na kwa muda mrefu hata baada ya uhuru lilikuwa la kitaifa kwa jina. Mwaka 1976 Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo walipotaka kuweka humo mchezo wao wa kesi ya Dedan Kimathi, iliwabidi wagombanie siku chache, kwa kuwa ukumbi ulikuwa umekwisha tengwa kwa michezo ya wageni. Kwa hiyo nilipoketi kwenye roshani ya Ryman sikujiona niko mahali pageni sana. Najua jinsi mtu anavyoingia katika nyumba ya sanaa iliyojengwa bila yeye kufikiriwa.

Isbell alitoka na bendi yake, aiitayo 400 Unit, bila maneno mengi. Ni mtu wa umbo la kawaida, ungempita sokoni. Sauti yake ndiyo isiyo ya kawaida, na ndani ya ukumbi ule haikuhitaji kusukumwa. Wajuzi husema mbao za Ryman husikika vizuri kuliko karibu kumbi zote za Marekani, nami sina elimu ya kuthibitisha, ila naweza kusema kwamba alipovuta pumzi kabla ya mstari nilimsikia akivuta, nami niko juu.

Aliimba wimbo uitwao Elephant, yaani tembo. Waingereza husema kuna tembo chumbani wakiwa na maana ya jambo kubwa ambalo kila mtu analiona na hakuna anayelitaja. Katika wimbo huo mwanamke anakufa kwa saratani, na rafiki yake wa kiume anakaa naye baa, wanakunywa, wanataniana, wanaimba nyimbo za zamani, na wote wawili wanalipita lile jambo kwa pembeni. Ni wimbo usio na faraja hata kidogo. Watu elfu mbili walinyamaza kabisa. Sikusikia hata kikohozi, na ilikuwa msimu wa mafua. Mimi nilimfikiria mama na ule msemo wake wa "leo hayupo".

Aliimba pia White Man's World, wimbo wa albamu yake ya mwaka huo, ambao Mzungu wa Kusini anajitazama na kuona anachofaidi bila kukitolea jasho. Huu ndio wimbo ambao kampuni kubwa ingempigia simu. Wengi walipiga makofi, wachache hawakupiga. Mzee mmoja mbele yetu aliikunja mikono yake kifuani mpaka wimbo ukaisha, kisha akaikunjua kwa wimbo uliofuata, akaimba wote, neno kwa neno. Nilimwona kuwa mtu mkweli. Alikuwa amenunua tiketi ya mwimbaji mzima, hata na sehemu asiyoikubali.

Halafu Cover Me Up.

Anaanza peke yake, gitaa na sauti. Sitautafsiri, na hata nikitaka sitaweza, lakini mwendo wake ni huu: mwanamume anakumbuka alivyokuwa, anamwomba mpenzi wake asitoke nje ya chumba, na katikati ya wimbo anasema kwamba ameacha kile kitu, na safari hii ameacha moja kwa moja. Ni mstari mmoja tu. Alipoufikia, ukumbi ulilipuka.

Nilishtuka. Nilidhani kuna jambo limetokea. Watu walisimama juu ya miguu yao, wengine na mikono hewani, wakapiga ukelele kama uwanja wa mpira bao linapoingia, naye hakusimama wala hakuinama, akaendelea kuimba ndani ya ile kelele mpaka ikapungua na sauti yake ikatoka tena upande wa pili. Mpwa wangu akaniinamia sikioni akaeleza kwamba ni desturi, kwamba kila anapouimba wimbo huo watu hufanya hivyo mahali hapo. Mwanamke aliyekuwa amebanana nami kwenye benchi, Mzungu wa umri wa binti yangu, alikuwa akilia. Hatukuwa tumesalimiana. Akanishika mkono wa koti, lile koti la kuazima, akaushikilia mpaka mwisho wa wimbo, akaniachia bila kunitazama.

Nimeifikiria kelele ile kwa miaka mingi sasa. Najua linaloweza kusemwa dhidi yake. Kitu kikishakuwa desturi, mtu hushangilia kwa kuwa ndipo pa kushangilia, kama vile tunavyosema amina. Najua pia kwamba wengi wa waliosimama walikuwa na glasi ya bia mkononi, iliyonunuliwa mlangoni. Niliona jambo hilo na likanichekesha kidogo. Na mtu mwenye ubishi angeweza kuuliza kama ni haki mwimbaji kuugeuza ugonjwa wake kuwa kilele cha tamasha, usiku baada ya usiku, kwa kiingilio.

Hata hivyo siwezi kuiondoa hesabu hii kichwani: Sam Jones alipigwa makofi katika mji ule kwa kuwalaani walevi. Hank Williams alipigwa makofi katika nyumba ile, na kila aliyepiga alijua anakunywa, kisha akafukuzwa kwa kunywa. Makofi kwa ajili ya mtu aliyeacha, yanayopigwa na watu ambao bila shaka kila mmoja ana wake nyumbani, ni kitu kingine. Yule mwanamke wa benchini hakuwa akimlilia Isbell.

Nilipotoka nilipitia kile kichochoro. Baa zilikuwa zimejaa, muziki ukimwagika kutoka kila mlango, na vijana waliovaa kofia za ng'ombe wakijishikilia ukutani. Mpwa wangu akataka twende tukale kuku wa pilipili wa mji ule, akaonya kwamba ni mkali. Ni mkali kweli. Niliyemlilia usiku ule basi nilikuwa na kisingizio.

Mengi yametokea tangu wakati huo. Rekodi ya usiku zile sita ilitoka mwaka 2018, nayo ina nyimbo 13, na ile kelele imo. Ukiwa na vipokea sauti vizuri unaweza karibu kuhesabu watu. Mwanzoni mwa mwaka 2021 mwimbaji mwenye jina kubwa, Morgan Wallen, ambaye alikuwa ameurekodi upya wimbo wa Cover Me Up na kuupeleka kwa wasikilizaji wengi zaidi kuliko mwenyewe alivyowahi, alinaswa kwenye video akitamka tusi la kibaguzi dhidi ya watu Weusi. Rekodi zake, badala ya kushuka, zikauzika zaidi. Fedha zilizomwangukia Isbell kama mtunzi kutokana na mauzo hayo alizitoa kwa tawi la Nashville la chama cha NAACP, kinachotetea haki za watu Weusi. Kwa kuwa wimbo ulikuwa mali yake, hakuhitaji ruhusa ya mtu.

Oktoba ya mwaka huo aliporudi Ryman kwa usiku minane, usiku saba kati ya hiyo ulifunguliwa na wanawake Weusi, kila usiku wa kwake: Mickey Guyton, Allison Russell, Adia Victoria, Brittney Spencer, Amythyst Kiah, Shemekia Copeland na Joy Oladokun. Mpwa wangu alikwenda usiku wa Oladokun, ambaye wazazi wake walitoka Nigeria. Akanipigia simu akiwa bado njiani kurudi nyumbani. Nilimwuliza kama alihesabu. Akaniambia, "Mjomba, safari hii nilipofika kumi na tano nikaacha." Sijui kama watu wale walirudi mwaka uliofuata, wala yeye hajui. Usiku saba si historia ya miaka 130. Lakini waliimba pale, chini ya roshani ile, na kabla yao mwaka ule ule kwaya ya Fisk Jubilee Singers, iliyoanzishwa mwaka 1871 na vijana ambao wengi wao walizaliwa utumwani, ilikuwa imeshinda tuzo yake ya kwanza ya Grammy kwa rekodi iliyofanywa ndani ya Ryman.

Na ndoa imevunjika. Isbell alipeleka shauri la talaka mwishoni mwa mwaka 2023, na Machi 2025 akatoa albamu ambayo ndani yake hakuna bendi, ni yeye na gitaa moja la mwaka 1940. Kuna marafiki wanaoniambia kwamba sasa hawawezi tena kuusikiliza Cover Me Up, kwamba umekuwa uongo, maana mwanamke anayeombwa asitoke chumbani ametoka. Mimi sioni hivyo. Aliacha pombe, hilo halikuvunjika mahakamani. Wimbo ukisema mtu alifika ng'ambo, hausemi aliyemvusha bado yuko naye kwenye mtumbwi.

Desemba iliyopita nilikwenda kumtembelea shemeji yangu, mjane wa kaka. Anaishi peke yake, anafuga kuku, na masikio yake ni mazima. Nilikuwa na ile rekodi kwenye simu, nikaiweka. Kiingereza chake si kingi, akawa ananiuliza, nami namtafsiria kidogo kidogo. Tulipofika kwenye ile kelele aliacha kuchambua mboga.

"Wanashangilia nini?"

"Amesema ameacha pombe."

"Wote hao?"

"Wote."

Akaunyanyua tena mfuko wa mboga, akauweka magotini. Wimbo ukaendelea mpaka ukaisha, nikausimamisha mwingine usianze.

"Kaka yako aliacha," akasema. "Mwaka 1989. Miezi kumi na minne. Unajua?"

Nilikuwa nikijua.

"Alikuwa akirudi kutoka gereji saa kumi na mbili kamili, anaketi pale." Akaonyesha kwa kisu. "Hakuna mtu aliyekuja kumwambia neno. Waliokuja walikuja kumwita."

Nilikaa kimya. Yeye akaendelea na mboga zake, sukuma kwa sukuma, akiukata kila uti na kuutupia kuku waliokuwa wakingoja mlangoni. Baadaye akaniuliza kama hiyo simu yangu ina Jim Reeves. Nikamwambia inaye. Akasema basi niweke, lakini nisiweke ile ya mazishi.